Boti ya marehemu baba ina thamani gani, na kwa nani?

Swali la msomaji:

"Baba yetu alifariki miezi saba iliyopita. Miongoni mwa alivyoacha kuna boti ya faiba ya mita 11, injini mbili za dizeli, umri wake miaka 19. Tuko watoto watatu. Mdogo wetu wa kiume anataka kubaki nayo na kutulipa mimi na dada yangu mafungu yetu. Mwanasheria wa mirathi anasema ofisi ya kodi itataka thamani yake kwa maandishi. Kampuni ya bima nayo imeandika kwamba haitaendelea na bima mpaka ipate ripoti ya mtaalamu. Fundi aliyeihudumia boti hiyo miaka yote amejitolea kutuandikia barua yenye bei, bila malipo. Je, barua yake itatosha kwa wote watatu, yaani ofisi ya kodi, bima, na sisi ndugu? Mdogo wetu ameshanunua betri mpya na kuipaka rangi chini. Hilo linaharibu chochote? Injini ndogo ya kihori, kile kiboti kidogo kinachokwenda na boti, ameichukua anaitumia kwake."

Jibu:

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu.

Barua ya fundi haitatosha, na haitatosha kwa yeyote kati ya hao watatu. Si kwamba fundi haijui boti. Yawezekana anaijua kuliko mthamini yeyote mtakayemleta. Anajua mpaka parafujo gani ilikatika mwaka gani. Ila kila atakachoandika kuhusu hali ya injini ni hukumu juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe, na kesho mdogo wako atakuwa mteja wake. Mtu wa ofisi ya kodi akiliona hilo hatasoma mstari wa pili. Fundi mtamhitaji sana, lakini kama shahidi wa historia ya chombo: daftari lake la matengenezo, tarehe, vipuri alivyobadilisha. Mwombeni hayo, na mumshukuru.

Sasa jambo lenyewe. Watu huja kwangu wakiuliza "boti hii ni bei gani", nami huwajibu kwa swali: unamuulizia nani, na ya siku gani? Huwaudhi kidogo. Lakini boti moja, iliyofungwa gati moja, inaweza kuwa na thamani tatu tofauti na zote zikawa za kweli, kwa sababu wanaouliza hawaulizi kitu kimoja. Ofisi ya kodi inauliza boti ingeuzwa kwa kiasi gani siku baba alipofariki. Nyinyi watatu mnauliza ni kiasi gani cha haki kwa mdogo wenu kuwalipa sasa. Bima inauliza maswali mawili kwa mpigo: ikizama kesho tulipe kiasi gani, na je, kuna kitu ndani yake kitakachoizamisha kesho? Mkimpa mthamini kazi bila kumwambia swali, atachagua yeye, na aghalabu hatachagua lile mnalolitaka.

Tuanze na kodi, maana ndiyo yenye masharti magumu zaidi. Karibu kila nchi inayotoza kodi kwenye mirathi hutumia wazo lile lile: thamani ya soko huria, yaani bei ambayo mnunuzi aliye tayari angempa muuzaji aliye tayari, hakuna kati yao anayelazimishwa, na wote wawili wanajua mambo ya msingi kuhusu kitu kinachouzwa. Marekani ofisi ya kodi ya taifa, IRS, inatumia tafsiri hiyo hiyo. Uingereza sheria ya kodi ya mirathi ya mwaka 1984 inazungumzia bei ambayo mali ingetarajiwa kuipata sokoni wakati huo. Neno zito hapo ni "wakati huo". Siku ya kifo ndiyo siku ya kuhesabia. Marekani inaruhusu msimamizi wa mirathi, kwa masharti, kuchagua tarehe ya miezi 6 baadaye, lakini uamuzi huo unagusa mirathi yote, hamwezi kuuchagua kwa boti peke yake.

Basi nyinyi mko mwezi wa saba, na mnachohitaji ni thamani ya siku iliyokwisha kupita. Msihofu, hilo ni jambo la kawaida katika kazi hii. Mthamini huikagua boti leo, kisha hurudi nyuma kwa ushahidi: picha zilizopigwa karibu na siku ile, risiti ya mara ya mwisho ilipopandishwa chelezoni, saa za injini zilizoandikwa daftarini, mauzo ya boti za aina hiyo kabla na karibu na tarehe ile. Kisha anaandika wazi ni mambo gani ameyaona kwa macho na yapi ameyachukulia kuwa kweli kwa kuambiwa. Ripoti isiyotenganisha hayo mawili ikienda mahakamani haifiki mbali.

Soko nalo hubadilika. Marekani mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, watu walikimbilia majini kwa wingi mpaka boti zilizotumika zikapanda bei kwa namna ambayo wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona. Boti iliyothaminiwa kwa mauzo ya kipindi kile, kwa ajili ya tarehe ya miaka miwili kabla, ingekuwa imethaminiwa kwa soko ambalo marehemu hakulifahamu. Ndiyo maana tarehe huandikwa ukurasa wa kwanza.

Hapo ndipo betri na rangi za mdogo wako zinapoingia. Hajafanya kosa, chombo kisichotunzwa huoza, na mtu aliyekitunza anastahili kurudishiwa gharama zake. Lakini ameibadilisha boti baada ya tarehe ya kuhesabia, kwa hiyo aandike leo, kabla hajasahau, alichofanya, siku gani, na kwa gharama gani, risiti zikiwa zimeambatanishwa. Baada ya hapo mna njia mbili. Mnaweza kutumia thamani ya siku ya kifo, kisha gharama zake zirudishwe kutoka kwenye mirathi kabla ya kugawana. Au mtumie thamani ya leo na kutoa gharama hizo humo. Zote ni za haki. Kisicho cha haki ni kuchanganya: kuchukua thamani ya zamani inayompendeza, halafu kudai gharama kama vile zimeongeza thamani mpya.

Na gharama haziongezi thamani kama watu wanavyodhani. Mnunuzi hutarajia betri zinazofanya kazi na chini palipopakwa rangi. Hakulipi kwa hayo, anakukata yasipokuwepo. Hata injini mpya: tuseme boti ni 100, ukaweka injini mpya kwa 40, usitarajie 140 sokoni. Huenda ukapata 115 au 120, na ukauza haraka zaidi. Faida iliyobaki umeila mwenyewe majini.

Rangi ya chini ina tatizo jingine, la kiufundi. Rangi nyingi za kuzuia viumbe vya baharini zina shaba, na kipimo cha unyevu tunachokipitisha juu ya faiba hudanganywa na madini: kinasoma maji mahali palipo pakavu. Zaidi ya hayo, rangi mpya huficha malengelenge madogo yanayotokea faiba inaponyonya maji kwa miaka. Kwa hiyo mthamini ataomba ruhusa ya kukwangua vipande kadhaa vya ukubwa wa kiganja. Mdogo wako asimkatalie, na asichukulie kwamba anatuhumiwa.

Anachofanya mthamini mwenyewe nitakieleza kirefu kidogo, kwa sababu ndicho kitakachokuonyesha kama mmepata mtu au mmepata karatasi.

Anaanza nyuma ya boti, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu wa tezi. Pale ndipo huchongwa namba ya kitambulisho cha bodi, yaani mwili wa boti wenyewe. Kwa boti zilizotengenezwa Marekani tangu mwishoni mwa 1972 ni herufi na tarakimu 12. Zile zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya zina 14, zikianza na herufi mbili za nchi. Ndani yake mna alama ya kiwanda, namba ya boti yenyewe, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na mwaka wa modeli. Anaipiga picha na kuilinganisha na cheti cha usajili, tarakimu kwa tarakimu. Isipolingana, kazi inasimama hapo. Boti ambayo haijulikani ni ipi haina bei ya kuitetea mbele ya mtu yeyote. Kisha anasoma namba za injini zote mbili, maana injini hubadilishwa, na "pacha" zinazotajwa kwenye hati ya mauzo mara nyingine si pacha tena.

Baadaye inakuja nyundo. Ndogo tu, ya kichwa kigumu cha plastiki. Anagonga bodi na sitaha taratibu, kila baada ya sentimita chache, huku ameinamisha kichwa. Faiba nzima hujibu kwa mlio mkavu, wa haraka, wenye mrudi. Pale tabaka zilipoachana, au ubao laini uliofichwa katikati ya sitaha ulipoloa na kuoza, mlio hufa; utadhani amegonga kitabu kinene. Anarudi, anagonga tena, anaweka alama kwa chaki mpaka doa lionekane umbo lake. Hasa kwenye miguu ya vyuma vilivyofungwa kwa bolti: maji hupenya hapo kwanza. Mtu akikaa saa nzima juu ya sitaha yenu akigonga kama anayetafuta hazina, mwacheni. Yule wa kumwogopa ni anayepanda, anapiga picha sita, anauliza "mlinunua kwa shilingi ngapi" na kushuka.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye boti hilo si fumbo. Niliwahi kuitwa kuthamini boti yenye umri kama wa yenu, safi ya kung'aa, viti vipya, zulia jipya. Mwenyewe alikuwa na kitabu cha huduma kilichojazwa vizuri. Nikalala kifudifudi kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambapo maji hukusanyika, nikiwa na tochi, nikatazama parafujo zilizoshika makabati. Zote zilikuwa na kutu kuanzia chini hadi kimo kimoja, kisha juu ya hapo zinang'aa. Kulia, kushoto, kabati hili na lile: kimo kile kile, kama mstari wa maji kujaa ukutani. Boti ile ilikuwa imewahi kuzama hadi nusu ikiwa imefungwa gatini. Nilipovuta waya mmoja nyuma ya swichi na kumenya ganda lake, shaba ilikuwa kijani. Hakuna aliyenidanganya, mwenye boti aliinunua hivyo bila kujua. Lakini thamani niliyoandika haikufika nusu ya aliyoitarajia, na hakuna picha ya nje ambayo ingeionyesha.

Injini anataka kuzikuta baridi. Waambie wasiziwashe asubuhi ile "kuzichangamsha". Dizeli inayowaka mara moja ikiwa baridi, moshi ukapungua ndani ya dakika chache, imesema mengi. Iliyokwisha kupashwa moto imenyamaza. Atachukua sampuli ya mafuta ya injini kupeleka maabara, kwa sababu chembe za chuma na maji ya chumvi ndani ya mafuta husimulia kilichomo bila kufungua kitu. Saa za injini atazisoma, lakini atazitilia shaka pia: saa nyingi kwenye injini iliyotunzwa ni bora kuliko saa chache kwenye injini ya miaka 19 iliyokaa tu. Mipira hukauka, kutu hujenga. Kama mna nafasi, boti ipandishwe chelezoni ili aone rafadha, usukani, na vali zote zinazopitisha maji kwenye bodi. Kisha ishushwe, iende majini kwa mwendo kamili. Baadhi ya wathamini huandika ripoti bila kuipandisha. Wanaruhusiwa, mradi waseme hivyo. Kwa bima ya chombo chenye umri huo, mara nyingi haitakubaliwa.

Baada ya yote hayo ndipo namba inatafutwa, na hapa kuna mtego mmoja mkubwa kuliko mingine yote: bei za matangazo. Mdogo wako atafungua simu akuonyeshe boti tano kama ya baba, zote ghali au zote rahisi, kutegemea anachotaka kuthibitisha. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji. Mthamini anatafuta bei zilizolipwa kweli, ambazo madalali wa boti hurekodi katika hifadhi zao na yeye hulipia kuziona; pia kuna vitabu vya bei kama BUC na J.D. Power vinavyotumika Marekani, ambavyo ni pa kuanzia tu. Anachukua mauzo matatu au manne ya karibu, kisha anarekebisha moja moja: ile ilikuwa na injini zenye nguvu zaidi, hii ilitumika kwenye maji yasiyo na chumvi, ile nyingine iliuzwa baada ya mwaka mzima bila mnunuzi. Ripoti nzuri inaonyesha marekebisho hayo yote. Msomaji asiyekubaliana na jawabu aweze kuweka kidole mahali alipopinga.

Kwa boti ya kiwanda kama yenu njia hiyo inatosha. Kwa chombo cha mbao kilichoundwa kimoja tu hakuna wa kulinganisha naye, basi huhesabiwa gharama ya kukiunda upya, ukatoa uchakavu. Na kama chombo kinafanya biashara, ya uvuvi au abiria, kipato chake huingia kwenye hesabu. Hapo uangalifu unahitajika: leseni ni mali nyingine, boti ni nyingine. Nimeona ndugu wakigombania chombo ambacho robo tatu ya "thamani" yake ilikuwa karatasi ya leseni isiyoweza hata kurithiwa.

Twende kwenye bima. Hapa muulize kampuni, kabla ya kumlipa mtu yeyote, inataka ripoti ya aina gani. Mara nyingi wanachotaka hasa ni ukaguzi wa hali ya chombo, na thamani ni mstari mmoja mwishoni. Ripoti ya kodi ni kinyume chake: thamani ndiyo kiini, na orodha ya kasoro ni nyongeza. Mthamini mmoja anaweza kufanya yote kwa ziara moja, na ndivyo ninavyowashauri, kwani gharama kubwa ni kupandisha chombo na siku ya kazi. Lakini aandike ripoti mbili: ya kodi yenye tarehe ya kifo, ya bima yenye tarehe ya leo. Mkimpa kila mmoja nakala ya mwenzake mtazalisha maswali yasiyo na mwisho.

Kisha mchague aina ya bima. Kuna ya thamani iliyokubaliwa, ambapo kiasi huandikwa kwenye hati tangu mwanzo, na ya thamani ya soko, ambapo mnaanza kubishana baada ya boti kuzama. Sheria ya Bima ya Majini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo nchi nyingi ziliiga, inasema kwenye kifungu cha 27 kwamba thamani iliyowekwa katika hati ndiyo ya mwisho kati ya pande mbili, pasipokuwa na ulaghai. Hiyo ni nguvu kubwa kwa mwenye boti. Ila kifungu hicho hicho kina mlango wa nyuma: isipokuwa hati iseme vinginevyo, thamani hiyo si ya mwisho katika kuamua kama uharibifu umekuwa mkubwa kiasi cha kuhesabiwa kuwa hasara kamili. Someni hati yenu mahali hapo. Kama haisemi kwamba thamani iliyokubaliwa itatumika hata hapo, ombeni iongezwe.

Wengine hushawishika kuandikisha thamani ndogo ili ada ya bima ipungue. Pale ambapo thamani haikukubaliwa ndani ya hati, sheria hiyo ya 1906 inamhesabu mwenye mali kuwa amejikatia bima mwenyewe kwa sehemu iliyobaki. Boti ya 100 iliyoandikishwa 60, ikiharibika kwa 20, mtalipwa 12. Akiba ya ada ya miaka mingapi inafidia hiyo 8?

Ripoti ya bima itakuja na mapendekezo. Kuna ya lazima kabla chombo hakijang'oa nanga, kama vali iliyokwama au waya usio na fyuzi, na kuna ya kufanywa kwa wakati wake. Yale ya lazima mkiyapuuza, nakala ikiwa tayari iko mezani kwa kampuni, mmewapa sababu ya kukataa fidia kwa maandishi ya mtaalamu mliyemlipa wenyewe. Tengenezeni, pigeni picha, mpeleke risiti. Wala msimwombe mthamini aliondoe pendekezo. Akikubali, mjue ataondoa na mengine kwa mteja mwingine.

Namna ya kumpata. Mahali pengi hakuna sheria inayomzuia mtu yeyote kuchapisha kadi na kujiita mkaguzi wa boti. Marekani kwenyewe hakuna leseni ya serikali ya taifa kwa kazi hii. Kinachotenganisha ni uanachama wa vyama vya taaluma vinavyotahini watu wao: huko kuna SAMS na NAMS, Uingereza kuna IIMS na YDSA. Ulizeni kampuni ya bima inawatambua wa chama gani, kisha ombeni mfano wa ripoti aliyowahi kuandika, majina yakiwa yamefutwa. Kwa ajili ya kodi muulizeni pia kama anafuata kanuni za uthamini zinazotambuliwa na ofisi husika. Kwa Marekani ni USPAP. Malipo yawe ya kazi, kwa urefu wa boti au kwa saa. Anayetaka asilimia ya thamani atakayoandika mwageni hapo hapo. Kanuni hizo zinakataza, na hata zisingekataza, hesabu yake inajieleza.

Mmoja wenu akipata wazo la kuitoa boti kwa shirika la hisani ili kupunguza kodi, asiitoe kabla ya kuuliza. Chini ya sheria za Marekani, shirika likiipokea na kuiuza tu bila kuitumia, mtoaji anayedai zaidi ya dola 500 kwa kawaida hupunguziwa kwa kiasi kilichopatikana kwenye mauzo, hata kama mthamini aliandika mara tatu yake. Na tathmini inapohitajika, yaani madai yakizidi dola 5,000, isiwe imefanywa zaidi ya siku 60 kabla ya kutoa.

Sasa mgawanyo wenu, ambao naona ndio unaokuumiza kichwa ingawa umeuuliza kwa upole. Msiajiri wathamini watatu. Mteueni mmoja, kwa barua moja iliyosainiwa na wote watatu, ikitaja boti kwa namba yake, tarehe za thamani, na kwamba nakala itatumwa kwenu nyote saa ile ile. Asipigiwe simu na mmoja pembeni. Andikeni pia, kabla ya kuona namba, kwamba mtaikubali, au mtu asiyeridhika atalipa wa pili na mtachukua wastani. Makubaliano haya ni mepesi kabla namba haijajulikana. Ikishajulikana, kila mmoja anakuwa mtaalamu wa boti.

Mkifika mahakamani, Mungu apishe mbali, mjue kwamba mthamini hatakuwa wakili wenu. Katika kesi ya meli iitwayo Ikarian Reefer, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1993, Jaji Cresswell aliorodhesha wajibu wa shahidi mtaalamu: maoni yawe yake mwenyewe, yasiyotikiswa na mahitaji ya kesi, na asiache kutaja mambo yanayoweza kuyadhoofisha. Mahakama nyingi zinazofuata mkondo huo wa sheria bado huyatazama maneno yale. Kwa hiyo ukimwajiri mtu "akusaidie" kupata namba fulani, umenunua shahidi atakayeporomoka kwenye swali la tatu.

Jambo moja dogo kuhusu mafungu: theluthi yako isihesabiwe kama kitu cha kumuuzia mgeni. Theluthi ya boti sokoni haina mnunuzi, na wapo watakaosema kwa hiyo ipunguzwe. Hoja hiyo ina mahali pake kwenye kodi, mwanasheria wenu ataieleza. Lakini mdogo wako akinunua mafungu yenu anabaki na boti nzima, basi alipe theluthi mbili za boti nzima.

Kabla mthamini hajafika, toeni mizigo makabatini, fungueni vifuniko vya ngama, kusanyeni hati ya umiliki, usajili, daftari la fundi, risiti, na picha zozote za mwaka wa mwisho wa baba, hata zile za familia ambazo boti inaonekana nyuma yenu. Zina tarehe, na hiyo ndiyo inayotakiwa.

Ile injini ya kihori: si suala la kumlaumu mdogo wako, lakini thamani ya boti huhesabiwa pamoja na vilivyoorodheshwa kuwa vyake. Kihori, injini yake, nanga ya akiba, redio, trela kama ipo, kila kimoja kiwe na mstari wake. Airudishe kwa siku moja tu ili isomwe namba na kupigwa picha, au akubali kwa maandishi kwamba anayo na iingizwe kwenye hesabu yake. Na kama kuna vingine vilivyoshushwa tangu msiba, orodha iandikwe wiki hii, wakati kila mtu bado anakumbuka kilikuwa kimefungwa wapi.